Stelingi Aliyezoea Kufa

 

Leo nitamtaja mtu ambaye hamkutarajia kulisikia jina lake msikitini. Wazee mlioegemea nguzo za nyuma mtatabasamu, na vijana mtaulizana huyu ni nani. Namtaja Dilip Kumar, mchezaji sinema wa Bara Hindi, ambaye wazazi wake walimpa jina la Muhammad Yusuf Khan. Najua yupo atakayenong'ona kwamba ustadh leo kapotea njia. Sikuja kutoa fatwa ya sinema, wala sikuja kuwatuma mkatafute picha zake. Hayo wanazuoni wameyazungumza, na mwenye kutaka hukumu anajua pa kuiuliza. Tena tumekatazwa kuwasema maiti kwa mabaya, kwa hiyo yaliyo baina yake na Mola wake tutayaacha huko yaliko. Nimemleta kwa ajili ya jambo moja lililomfika katika kazi yake: aliigiza huzuni mpaka huzuni ikamwingia kweli.

Alizaliwa Peshawar, mtaa wa Qissa Khwani, tarehe 11 Desemba 1922. Wakati huo ilikuwa India ya Waingereza, leo ni Pakistan. Baba yake, Lala Ghulam Sarwar Khan, alikuwa Mpathani mwenye msimamo, mfanyabiashara wa matunda, mwenye mashamba kule kwao na mengine Deolali upande wa Bombay. Watoto walikuwa 12. Familia ikahamia Bombay, baba akauza matunda katika soko la Crawford. Yusuf alipokuwa kijana alikosana na baba yake, akaondoka nyumbani, akaenda Pune, akafanya kazi kwenye kantini ya jeshi la Waingereza na kuuza sandwichi. Aliporudi alikuwa na akiba ya rupia 5,000. Nalitaja hilo kwa sababu vijana wetu wengi wakikosana na wazee hurudi na madeni.

Baadaye bibi mmoja aliyekuwa mkubwa wa kampuni ya Bombay Talkies, Devika Rani, akamwona na kumpa kazi ya kuigiza kwa mshahara wa rupia 1,250 kwa mwezi. Kwa miaka ile fedha hiyo ilikuwa nyingi ajabu. Picha yake ya kwanza, Jwar Bhata, ilitoka mwaka 1944. Bibi huyo ndiye aliyempa jina la kazi, na Yusuf alilikubali, maana lilimficha baba yake asijue. Mzee Ghulam Sarwar aliidharau kazi ya uigizaji. Alikuwa akimtania jirani yake wa tangu Peshawar, mzee Kapoor, kwa kuwa mwanawe Prithviraj aliingia katika michezo ya kuigiza.

Hapo sitampamba. Kumficha baba jambo kubwa kama kazi inayokulisha si adabu, hata kama nia ni kumwepusha na huzuni. Na siri hiyo haikudumu. Jirani yule yule aliyetaniwa ndiye aliyemwonyesha mzee picha ya mwanawe ubaoni, imebandikwa mjini kwa ajili ya tangazo la sinema. Mzee akaumia, akanyamaza, akawa hasemi na mwanawe. Aliyekwenda kumtuliza alikuwa Prithviraj Kapoor mwenyewe, yule mtoto wa jirani aliyekuwa akichekwa. Alikuwa Mhindu, akaingia nyumba ya Waislamu kusuluhisha baina ya baba na mwana. Wangapi kati yetu tunajua baba fulani hasemi na mwanawe, na hatujavuka kizingiti chao kusema neno?

Mama yake alifariki mwaka 1948 na baba mwaka 1950. Yusuf hakuwa mtoto wa kwanza, lakini mzigo wa wadogo zake ukamwangukia yeye, akaubeba.

Sasa turudi kwenye kazi yake. Nyote mnaijua kanuni ya sinema, hata wasiokwenda: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atazingirwa na maadui ishirini, na mwisho atatoka na shati limechanika kidogo tu. Huyu alikufa. Katika Mela ya 1948 alikufa. Katika Andaz ya 1949 alipigwa risasi. Katika Deedar ya 1951 aliigiza kipofu aliyepata macho kisha akayaharibu kwa mkono wake. Katika Devdas, iliyotoka 1955, aliigiza mlevi aliyekwenda kufia nje ya lango la nyumba ya mwanamke aliyemkosa. Katika Gunga Jumna ya 1961 aliyemuua kwa risasi ni ndugu yake, na mchezaji aliyeshika nafasi ya ndugu huyo alikuwa Nasir Khan, ndugu yake wa damu. Watu wakampa lakabu ya Mfalme wa Majonzi.

Picha za Kihindi, ndugu zangu, zilikuwa zetu pia. Wakati huo Majestic ya Zanzibar, Empire ya Dar es Salaam na Regal ya Mombasa zikijaa watu wasiojua Kihindi wala Kiurdu, na wote wakilia. Kulikuwa na maonyesho ya akina mama peke yao, na bibi zetu wakitoka na leso zimelowa. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa akayachukua mahadhi ya Kihindi akayatia maneno ya Kiswahili, na harusi zetu zikaimba huzuni ya watu wa Bombay. Mtazamaji alilia saa tatu, akatoka, akanunua karanga, akaenda nyumbani. Mwigizaji alibaki na kilio kile kesho na kesho kutwa, maana ndiyo kazi iliyomlisha.

Na yeye hakuifanya kazi hiyo juu juu. Kwa ajili ya Deedar alikwenda kukaa na ombaomba kipofu pale Bombay, akamtazama jinsi anavyosikiliza na jinsi uso wake unavyokuwa pasipo macho. Katika Gunga Jumna, siku ya kupigwa picha kifo chake, alikimbia kuizunguka studio mpaka pumzi zikamkatika, ndipo akaingia mbele ya kamera akianguka. Alitaka kile kinachoonekana nje kiwe kimegusa ndani. Hiyo ndiyo iliyomfanya awe bingwa, na hiyo ndiyo iliyomdhuru.

Ilifika mahali usingizi ukampaa. Kiza cha watu aliowaigiza kilimfuata nyumbani. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kuwa alikwenda kwa madaktari wa nafsi, akafika mpaka London, na ushauri aliopewa ulikuwa mwepesi kuusema: acha kujiua kila mwaka, chukua kazi za kuchekesha.

Tafakarini jambo hili. Machozi yalikuwa ya kuigiza, na kifo kilikuwa cha kuigiza. Alijua kila siku saa ngapi atainuka kutoka kwenye maiti yake, apanguse unga usoni, aende kula. Moyo haukujali kuwa ni mchezo. Moyo ulipokea kile ulicholetewa mara kwa mara, ukakifanya makazi.

Jambo hili Waislamu hatukuambiwa kwanza na daktari wa London. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba upole huja kwa kujizoeza upole, na kwamba mwenye kujitahidi kusubiri Mwenyezi Mungu humpa subira. Alitufundisha pia habari ya mtu anayesema kweli na kuitafuta kweli mpaka akaandikwa mbele ya Allah kuwa ni mkweli, na mwenzake anayesema uongo na kuutafuta uongo mpaka akaandikwa mwongo. Zingatieni hilo neno mpaka. Hakuna aliyezaliwa mwongo. Alianza kwa kuigiza, siku moja kwa sababu ya mteja, siku nyingine kwa sababu ya mke, siku ya tatu bila sababu yoyote, na ikafika siku hakuna tena anayeigiza, pamebaki mwongo tu.

Basi tujitazame sisi ambao hatujawahi kukanyaga studio. Mfanyabiashara anaigiza umasikini kila mwezi wa Zaka unapokaribia, analalamika biashara mbaya, hali ngumu, mpaka Mwenyezi Mungu anamwondolea ladha ya alichonacho na anaishi kimasikini kweli katikati ya magunia yake. Kijana anaigiza ukali mbele ya wenzake barazani, anasema maneno asiyoyamaanisha juu ya mama yake, mpaka siku moja anayasema nyumbani na yanamtoka bila kusita. Mume anaigiza hasira ili aogopwe na watoto. Alidhani ataivua akitaka. Muulize leo kama anaweza.

Na siku hizi kila mtu anayo studio mfukoni. Mtu anapeleka futari kwa yatima na mpiga picha ametangulia. Wengine wamefika mbele ya Al-Kaaba, mahali ambapo mababu zetu walipafikia kwa majahazi na wengine wakafia njiani, na jambo la kwanza wanalolifanya ni kuipa Nyumba mgongo ili uso wao uingie vizuri kwenye simu. Sisemi kila picha ni riya. Nia ni za Mwenyezi Mungu kuzijua. Lakini mnaijua habari ya watu watatu ambao moto utaanza kuwashwa kwao: aliyesoma Qur'ani, aliyetoa mali, na aliyekufa vitani. Walitenda matendo makubwa kuliko yetu, na wote wataambiwa kwamba walifanya ili watu waseme, na watu wameshasema. Walikuwa na watazamaji wao, wakapata makofi yao, malipo yakaishia hapo.

Mtu anaweza kuniuliza: ustadh, ikiwa kuigiza kunaharibu, je, niache kuswali siku ambayo moyo wangu haupo? Nisitabasamu kwa mgeni niliyechoka naye? Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo habari ya Yusuf Khan inapotufaa zaidi. Alipopewa ushauri ule hakuacha kazi. Alibadilisha alichokivaa. Mwaka 1955 alitoka na Azaad, picha ya vichekesho na vituko. Mwaka 1960 akatoka na Kohinoor, na humo palikuwa na wimbo ambao stelingi anapiga sitari. Ingetosha kupiga picha uso wake na kuazima mikono ya mpigaji. Yeye alimwendea bwana wa sitari, Ustadh Abdul Halim Jaffer Khan, akajifunza kwa miezi mingi ili mikono inayoonekana iwe yake. Na picha ya Pyaasa alipoletewa, akaona inafanana mno na Devdas, akaikataa. Guru Dutt, mwenye picha, akaicheza mwenyewe. Ikawa miongoni mwa picha kubwa za Kihindi, yenye huzuni nzito. Guru Dutt alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Sisemi picha ndiyo iliyomuua. Alikuwa na mizigo yake, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Nasema tu kwamba mwenzake alipoletewa vazi lile alilitazama, akajua limewahi kumbana kifua, akalirudisha.

Na sisi tunao mfano wetu wa kujilazimisha wema: baada ya vita vya Badr, Umar bin Khattab (R.A.) aliingia akamkuta Mtume na Abubakar wanalia. Akawaomba wamwambie kinachowaliza, ili akipata machozi alie nao, na asipoyapata ajilazimishe kulia kwa ajili ya kilio chao. Umar! Yule ambaye shetani alikuwa akibadilisha njia akimwona. Hakuona haya kuigiza kilio mbele ya watu anaowapenda kwa ajili ya Mola wake, na hakuna aliyemwambia kuwa ni mnafiki. Mikono huanza, moyo hufuata. Swali ni moja tu: nani unayetaka akuone? Ukijilazimisha wema ili Allah akuone, huo ni mlango wa kuwa mwema. Ukijilazimisha wema ule ule ili jirani akuone, unajizoeza kumwabudu jirani.

Yule ombaomba kipofu hakuishia kwenye picha. Miaka mingi baada ya Deedar, Yusuf Khan alikuwa akisafiri na kusimama mbele ya matajiri kuchangisha fedha za chama cha vipofu cha India. Alikuwa maarufu mno, angeweza kutuma hundi na kubaki nyumbani. Alichokiigiza kilimwachia deni, akawa analilipa. Hapo namsifu bila kusita.

Nije kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya nimtaje siku ya Ijumaa, nanyi mmekaa safu kwa safu.

Picha yake kubwa kuliko zote ni Mughal-e-Azam, iliyotengenezwa na K. Asif na kutoka mwaka 1960 baada ya zaidi ya miaka 10 ya kuhangaika. Ni hadithi ya Shahzada Salim, mtoto wa Mfalme Akbar, aliyegombana na baba yake kwa ajili ya mjakazi. Akbar aliigizwa na yule yule Prithviraj Kapoor aliyewahi kwenda kumtuliza baba yake Yusuf. Mjakazi aliigizwa na Madhubala, ambaye kwa jina la nyumbani ni Mumtaz Jehan, Muislamu mwenzake. Wawili hao walikuwa wamependana kweli, na ndoa ikakaribia, kisha pakaingia baba wa binti, mikataba ya kazi na kesi mahakamani mwaka 1957 ambayo iliwasimamisha pande mbili. Wakaachana kwa uchungu. Lakini picha ilikuwa haijaisha.

Mnajua ilivyokuwa? Katika kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka 2014, Yusuf Khan ameeleza kwamba katikati ya kazi ile walifikia kutosalimiana kabisa. Onyesho moja linalosifiwa mpaka leo kuwa ndilo la mapenzi matulivu kuliko yote katika sinema ya Kihindi, bwana anampitishia bibi unyoya usoni, lilipigwa wakati hawasemezani. Taa zinawaka, wanatazamana macho ya mahaba, mamilioni wanayeyuka. Taa zinazimwa, kila mmoja anashika njia yake bila hata salamu. Madhubala, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa moyo, na alifariki Februari 1969 akiwa na miaka 36 tu.

Mtasema: ndiyo sinema hiyo. Haya, tutoke sinema tuingie msikitini. Dakika chache zijazo patakimiwa, nasi tutasimama. Imamu atatuambia tunyooshe safu na tuzibe nafasi, nasi tutatii. Bega litagusa bega, kisigino kitakabiliana na kisigino. Tutasema amin kwa sauti moja. Mtu apitaye barabarani akitutazama dirishani atasema: hawa watu wanapendana kweli kweli. Naye hajui kuwa wa tatu na wa nne katika safu ya pili hawajasalimiana tangu mirathi ya baba yao ilipogawanywa. Hajui kuwa yule aliyevaa kofia ya viua na yule aliye kando yake waligombana juu ya mpaka wa uwanja, na kila mmoja akimwona mwenziwe sokoni hugeukia kwenye samaki ambao hana haja nao. Hajui kuwa tuna watu waliokosana juu ya kamati ya msikiti huu huu, nani ashike ufunguo na nani ashike daftari la michango, na wanaswali nyuma ya imamu mmoja huku wakiwa wamepanga kutoka kwa milango tofauti. Sisi na lile onyesho la unyoya tumetofautiana nini? Wale walau walilipwa.

Mtume (S.A.W.) hakumhalalishia Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka huku na yule kule, na akasema aliye bora wao ni yule anayeanza salamu. Hakusema aliye bora ni yule mwenye haki katika ugomvi. Wengi wetu tunakwama hapo, kwa kuwa kila mmoja ameshika haki yake mkononi na anasubiri mwenzake aje aitazame. Na yapo mafundisho mengine, yanatisha zaidi: kwamba milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, na husamehewa kila asiyemshirikisha Allah, isipokuwa watu wawili ambao baina yao kuna uhasama, huambiwa wangojwe mpaka wapatane. Jana ilikuwa Alhamisi, ndugu zangu. Wapo humu ndani ambao jana walingojwa.

Na usiniambie: siwezi kumsalimia kwa kuwa moyoni sina mapenzi naye, nitakuwa mnafiki. Tumeshalimaliza hilo. Umar alikuwa tayari kuanza na kilio kabla ya machozi. Toa mkono kwanza. Salamu ya siku ya kwanza itakuwa ngumu na ya kuigiza, mkono utakuwa mzito, macho yataangalia kwingine. Ya pili itakuwa nyepesi. Si mlisikia jinsi huzuni ya bandia ilivyoweza kumnyima mtu usingizi? Basi msiidharau salamu ya kujilazimisha, nayo ina njia yake ya kuingia.

Mengine ya maisha yake nitayapitia haraka. Alimwoa Saira Banu tarehe 11 Oktoba 1966, yeye ana miaka 43 na bibi harusi ana 22, naye akiwa mchezaji sinema mashuhuri. Hawakujaaliwa mtoto. Yapo mambo ya ndoa yake ambayo mwenyewe ameyaandika na kuyajutia, na mtu akishajuta hadharani sisi hatuna kazi tena nayo. Alipata tuzo ya Filmfare ya mchezaji bora mara 8, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kuipokea. India ikampa nishani zake kubwa, na mwaka 1998 Pakistan ikampa Nishan-e-Imtiaz, jambo lililomletea maneno makali kwao kutoka kwa wanaoona Muislamu wa India lazima kila siku athibitishe anampenda nani. Alikaa bungeni kuanzia mwaka 2000 hadi 2006. Mwaka 2013 alikwenda Makka pamoja na mkewe.

Kisha ukaja uzee wenyewe, na uzee haukumwuliza ni nani. Yule ambaye nchi nzima ilikariri maneno yake, maneno yalimpungua. Miaka ile watu hawakumwona tena kwenye pazia. Waliona picha chache za mzee aliyekaa, na mkewe kando yake amemshika mkono. Saira Banu alikuwa stelingi kwa haki yake, anajua kamera ni nini. Lakini kumgeuza mgonjwa kitandani saa nane za usiku, kumpa dawa, kumvisha, kumjibu swali lile lile aliloliuliza robo saa iliyopita, hayo hayapigwi picha, na aliyafanya miaka. Wake zetu wangapi wanafanya hivyo sasa hivi tukiwa tumekaa hapa, na waume wangapi? Mwaka 2020 ndugu zake wawili, Aslam na Ehsan, walifariki kwa UVIKO ndani ya siku 12.

Yeye alifariki asubuhi ya tarehe 7 Julai 2021 katika hospitali ya Hinduja, Mumbai, akiwa na miaka 98. Serikali ilimpa heshima za kitaifa. Maradhi ya UVIKO yalikuwa bado yameenea, kwa hiyo walioruhusiwa makaburini walikuwa wachache. Alizikwa siku ile ile, alasiri, katika makaburi ya Waislamu ya Juhu. Kufa alikuwa amekujua kwa njia zote za kuigiza: kwa risasi, kwa ulevi, kwa kukimbia mpaka pumzi zikate. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumwambia inuka, turudie.

Ewe Mola, mrehemu Yusuf Khan na Mumtaz Jehan na maiti wetu waliotangulia, wale tunaowakumbuka na wale ambao hawana tena wa kuwakumbuka. Tusamehe tuliyoyafanya ili watu waone, na utusahilishie salamu zilizotushinda.

Ndugu zangu, wakati wa khutba umefika. Nafasi za mbele bado zipo, sogeeni, wanaoingia wapate pa kukaa. Na wale wawili wa safu ya pili, sitawataja, mnajijua: msipeane mgongo, mkono utoke kabla imamu hajapanda mimbari, maana akishaanza khutba hairuhusiwi kusemezana. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.